Kupima mchango wa uchapaji kwenye uchumi wa mkoa: kipimo kipi kwa swali lipi

Chama cha wenye matbaa kikienda kuonana na wapangaji wa mkoa, huenda na namba moja kubwa. Ofisa mipango naye ana yake, ndogo. Mwanafunzi aliyeandika tasnifu juu ya sekta hiyohiyo ana ya tatu, isiyofanana na hizo mbili. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amepima kitu tofauti, kisha wote wamekiita "mchango".

Makala haya ni kwa yule anayetakiwa kuchagua kipimo: mtafiti aliyepewa kazi, katibu wa chama, mwandishi wa habari za uchumi. Ili vipimo vilinganishwe kwa haki, nitavipitisha vyote kwenye mkoa mmoja wa kubuni. Namba zake nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, wala si takwimu za mahali popote.

Matbaa za mkoa huo huuza kazi za milioni 1,000 kwa mwaka, sarafu iwe yoyote. Hununua vitu na huduma za milioni 650: karatasi na kadibodi 330; wino, pleti (mabamba ya kuchapia) na kemikali 70; umeme na maji 40; matengenezo na vipuri 50; usafirishaji 40; pango, programu na huduma nyingine 40; na 80 ni kazi ambazo matbaa moja imeipa nyingine ya mkoa huohuo, kwa mfano kujalidi vitabu. Milioni 350 zinazobaki zinagawanyika hivi: mishahara 220, uchakavu wa mashine 60, faida pamoja na kodi za uzalishaji 70. Wafanyakazi ni 2,400, katika mkoa wenye ajira 400,000. Majibu ya kila kipimo ni haya; maana ya kila kimoja nitaieleza kwenye sehemu yake.

| Kipimo | Jibu kwa mkoa wa mfano |
|---|---|
| Mauzo | milioni 1,000 |
| Ongezeko la thamani | milioni 350 |
| Ajira | watu 2,400 (asilimia 0.6) |
| Uwiano wa mkusanyiko | 1.5 |
| Vizidishi, manunuzi ya ndani yakiwa yamepimwa | karibu milioni 450 |
| Vizidishi, kila pembejeo ikidhaniwa imetoka ndani | milioni 920 |

Kutoka 350 hadi 1,000 ni karibu mara tatu, na hakuna aliyeghushi hata risiti moja.

Kwanza mpaka, kipimo baadaye

Tofauti kubwa kuliko zote huanza kabla hesabu haijaguswa, pale mtu anapoamua nani ni mchapaji. Nchi nyingi hufuata uainishaji wa shughuli za kiuchumi wa Umoja wa Mataifa, ISIC, ambao toleo lake la nne lilitolewa mwaka 2008. Humo uchapaji uko kitengo cha 18: namba 1811 ni uchapaji wenyewe, 1812 ni huduma zinazouzunguka kama kuandaa pleti na kujalidi, na 1820 ni kunakili sauti, picha na programu kutoka nakala mama. Uchapaji umewekwa upande wa viwanda. Wachapishaji wa vitabu, magazeti na majarida wako mbali kabisa, kitengo cha 58, kwenye kundi la habari na mawasiliano.

Sasa angalia wanaobaki nje ya uzio. Kiwanda cha maboksi ya kadibodi, hata kama kila boksi limechapwa rangi nne, kimo kitengo cha 17 pamoja na bidhaa za karatasi. Kuchapa fulana kwa skrini ni kazi ya nguo, 1313. Duka la fotokopi na kuandaa nyaraka limewekwa 8219, kwenye huduma za ofisi. Mashine za uchapaji zilizomo ndani ya benki au chuo kikuu huhesabiwa chini ya shughuli kuu ya mwenye nazo, isipokuwa zimeundiwa kitengo kinachojitegemea kitakwimu.

Hili la mwisho huleta vituko. Kampuni ya gazeti yenye mtambo wake wa kuchapa inaweza kuhesabiwa yote upande wa uchapishaji. Siku ikiutenga mtambo ule na kuufanya kampuni tanzu, sekta ya uchapaji ya mkoa inakua kwa usiku mmoja kwenye takwimu, na hakuna karatasi hata moja ya ziada iliyopita kwenye mashine.

Wapo wanaotumia mpaka mpana: karatasi, uchapaji na uchapishaji kwa pamoja. Si kosa. Mpaka mwembamba nao una upungufu wake, hasa zama hizi ambapo magazeti yanapungua na kazi nyingi zimehamia kwenye vifungashio na lebo, sehemu ambayo kwa kiasi kikubwa iko nje ya kitengo cha 18. Ukikaza uzio sana utaripoti sekta inayokufa, kumbe imehamia chumba cha pili. Mimi ningetoa namba ya mpaka mwembamba kama namba kuu, kwa sababu ndiyo inayolinganishika na mikoa mingine, kisha ningeweka vifungashio pembeni kwa jina lake. Kinachokera ni ripoti inayotumia mpaka mpana kwenye kichwa cha habari na mwembamba kwenye jedwali la ajira.

Anayefuatilia miaka mingi ajihadhari na kitu kingine. Katika toleo la tatu la ISIC, uchapaji na uchapishaji vilikuwa pamoja, kitengo cha 22. Amerika Kaskazini ilivitenganisha mapema zaidi, mfumo wake wa uainishaji, NAICS, ulipoingia mwaka 1997: uchapishaji ukapelekwa sekta ya habari, uchapaji ukabaki viwandani kwa namba 323. Mstari wa grafu unaoshuka ghafla penye mabadiliko hayo hauonyeshi mgogoro wowote wa kiuchumi. Umeonyesha tu mabadiliko ya rejesta.

Mauzo na ongezeko la thamani

Mauzo ni rahisi kupata. Mwenye matbaa anayajua kichwani, mamlaka ya kodi inayo, na ni namba kubwa inayopendeza jukwaani. Kama kipimo cha mchango, naiweka mwisho, na si kwa sababu ya nadharia tu. Uchapaji ni sekta ambayo mauzo yake hupotosha kuliko sekta nyingi, kwa sababu ya karatasi.

Chukua mchapishaji mmoja anayeamua kuleta karatasi yake mwenyewe matbaani badala ya kulipia kazi pamoja na karatasi. Ni jambo la kawaida kwenye kazi kubwa za vitabu. Tuseme karatasi hiyo ni ya milioni 100. Mauzo ya matbaa zetu yanashuka kutoka 1,000 hadi 900. Manunuzi nayo yanashuka kutoka 650 hadi 550. Ongezeko la thamani linabaki 350 vilevile, kwa mashine zilezile, mafundi walewale na saa zilezile. Kipimo cha mauzo kimetangaza anguko la asilimia 10 pasipo na anguko lolote.

Kinyume chake kilionekana mwaka 2021 na 2022, bei ya karatasi ilipopanda duniani. Matbaa iliyompitishia mteja gharama hiyo iliandika mauzo makubwa zaidi huku ikichapa kiasi kilekile, pengine pungufu. Anayesoma mauzo peke yake angedhani biashara imeshamiri.

Kisha kuna zile milioni 80 za kupeana kazi. Uchapaji una desturi hii sana: mwenye mashine ya rangi nne hana ya kujalidi kwa gundi ya moto, anampa jirani, jirani hana ya kukata maumbo, anampa wa tatu. Kazi moja inaonekana kwenye vitabu vya watatu, na ukijumlisha mauzo yao umeihesabu zaidi ya mara moja. Mauzo yaliyotoka kweli nje ya mzunguko wa matbaa ni milioni 920.

Ongezeko la thamani linaepuka yote mawili, kwani ni mauzo kutoa vitu na huduma zilizotumika kuzalisha. Ndicho kipimo kinachotumiwa na mfumo wa hesabu za taifa, kwa hiyo milioni 350 unaweza kuziweka juu ya pato la mkoa na kusema asilimia bila aibu. Mauzo hayawezi kugawanywa kwa pato la mkoa, ingawa wanaofanya hivyo ni wengi. Unapokutana na asilimia iliyotokana na mgawanyo huo, iache.

Ongezeko la thamani linapatikana kwa njia mbili, na ukiweza tumia zote. Ya kwanza ni ya kutoa: mauzo ukiondoa manunuzi. Ya pili ni ya kujumlisha: mishahara, uchakavu, faida na kodi za uzalishaji. Njia ya kwanza hukosewa zaidi kwenye akiba ya ghala. Matbaa iliyonunua karatasi ya miezi 8 mwezi Desemba haijaitumia, na ukiiondoa yote kwenye mauzo ya mwaka utapata thamani ndogo isivyo kweli. Njia ya pili hukosewa kwenye matbaa za familia, ambako mwenye mali na watoto wake hawajilipi mshahara rasmi. Jasho lao limejificha ndani ya faida.

Lina mipaka yake pia. Linaonyesha mahali thamani ilipozalishwa, halionyeshi aliyeila. Kama matbaa kubwa ni tawi la kampuni yenye makao mkoa mwingine, faida yake inahesabiwa hapa na kutumika kule. Mishahara ya wanaoishi mkoa jirani na kuja kazini kila asubuhi ni vivyo hivyo. Swali lako likiwa ni kipato cha wakazi, hizo milioni 350 unapaswa kuzipunguza, na hapo hutapona bila kuwauliza wenye matbaa wenyewe.

Ajira

Ajira inaeleweka na kila mtu, na kwa mwanasiasa ndiyo namba pekee yenye uzito. Pia ndiyo rahisi kupatikana kwa mkoa mmoja mmoja, kwani rejesta za mishahara na hifadhi ya jamii huandikwa mahali alipo mfanyakazi.

Udhaifu wake mkubwa kwa sekta hii ni teknolojia. Marekani ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 800,000 wa uchapaji mwishoni mwa miaka ya 1990. Sasa hawafiki 400,000. Sehemu ya anguko hilo ni kazi zilizopotea kweli, magazeti na fomu zilizohamia kwenye skrini. Sehemu nyingine ni mashine. Kutengeneza filamu na kupanga kurasa kwa mkono kuliajiri watu ambao leo nafasi yao imechukuliwa na faili linalotoka kompyuta hadi kwenye pleti moja kwa moja. Kipimo cha ajira hakitenganishi visa hivyo viwili. Mkoa uliopoteza nusu ya wachapaji wake unaweza kuwa umepoteza sehemu ndogo zaidi ya thamani.

La pili ni vibarua. Uchapaji una misimu: kufungua shule, uchaguzi, kalenda za mwisho wa mwaka. Aliyehesabu vichwa mwezi wa kilele atapata namba moja, na aliyehesabu mwezi wa ukame atapata nyingine. Geuza saa zote za mwaka kuwa nafasi za kazi za muda wote, au angalau tumia wastani wa miezi 12. Na rejesta za mishahara huwaacha waliojiajiri, ambao kwenye uchapaji mdogo na usanifu wa michoro si wachache.

Kwa hiyo ajira ni mwandani mzuri wa ongezeko la thamani, wala si mbadala wake. Zikiwekwa pamoja zinatoa namba ya tatu yenye manufaa, thamani kwa kila mfanyakazi, inayokuambia kama sekta ya mkoa wako inaishi kwa mashine au kwa mikono.

Uwiano wa mkusanyiko

Hiki ni kipimo cha dakika tano. Sehemu ya uchapaji katika ajira za mkoa, gawanya kwa sehemu yake katika ajira za taifa. Kwetu ni asilimia 0.6; taifa liwe na 0.4. Jibu ni 1.5. Likizidi 1, dhana ni kwamba mkoa unachapa zaidi ya mahitaji yake na kuuza nje. Kwa kiwango cha taifa mkoa wetu ungehitaji wachapaji 1,600. Wanaozidi, 800, wanahesabiwa kuwa wanaleta fedha kutoka nje. Fikra hii ya "sekta za msingi" zinazoingiza fedha mkoani ilienezwa miaka ya 1930 na mwanauchumi Homer Hoyt nchini Marekani.

Uzuri wake ni kwamba unajibu swali ambalo ongezeko la thamani haliligusi: je, hapa pana kitu maalumu? Uchapaji mdogo hufuata watu, na popote penye maduka, shule na mahakama pana mchapaji. Uwiano wa karibu na 1 ndio wa kutarajiwa. Unapokuta mahali kama Sivakasi, kusini mwa India, panapojulikana kwa kalenda na shajara, au jimbo la Wisconsin nchini Marekani lenye matbaa kubwa za majarida na katalogi, unajua hapo kuna zaidi ya kuhudumia wenyeji.

Kasoro yake ni kudhani kwamba kila mkoa unatumia machapisho kwa kiwango kilekile, na kwamba hakuna mkoa unaouza na kununua kitu kimoja kwa wakati mmoja. Uchapaji unavunja dhana ya pili kila siku. Mkoa unaweza kusafirisha lebo za chupa huku ukiagiza vitabu vya kiada, na uwiano ukatoka 1 safi kana kwamba hakuna lori lililovuka mpaka. Utumie kama kipimajoto cha mwanzo, basi. Kuutumia kuombea ruzuku ni kuutwika mzigo usio wake.

Vizidishi

Hapa ndipo fedha za utafiti huishia na ndipo ugomvi hutokea. Wazo lenyewe ni zuri. Matbaa inanunua umeme, inamlipa dereva, inamlipa fundi. Hao nao wananunua kwa wengine. Mwanauchumi Wassily Leontief alichapisha jedwali la mauzo baina ya sekta za uchumi wa Marekani mwaka 1936, na mwaka 1973 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi hiyo. Kutoka kwenye jedwali kama hilo hutolewa kizidishi: kila 1 ya sekta inaambatana na kiasi gani katika uchumi mzima. Marekani ina vizidishi vya mikoa vinavyotolewa na ofisi ya serikali ya hesabu za uchumi, vinavyoitwa RIMS II, na ipo pia programu ya kulipia, IMPLAN. Vipo vya aina mbili. Aina ya kwanza huhesabu sekta yenyewe na mnyororo wa wanaoiuzia. Aina ya pili huongeza matumizi ya mishahara ya wote hao.

Tatizo ni kwamba mikoa mingi haina jedwali lake. Lipo la taifa, nalo linajua kwamba matbaa hununua karatasi nyingi, lakini halijui karatasi hiyo inatoka wapi. Na karatasi ndiyo manunuzi makubwa kuliko yote.

Turudi kwenye mfano. Ukiondoa zile 80 za kupeana kazi, manunuzi ni 570. Tuseme mkoa hauna kiwanda cha karatasi. Inakuja kutoka nje kupitia msambazaji wa hapa, na kinachobaki mkoani ni faida yake ghafi tu, 50 kati ya 330. Kwa wino na pleti inabaki 10. Umeme 15, matengenezo 25, usafirishaji 35, huduma 35. Jumla ni 170. Hata hizo si thamani tupu, kwa kuwa dereva naye amenunua mafuta yaliyotoka nje. Ukifuata mnyororo hadi mwisho, ongezeko la thamani la ziada ndani ya mkoa litakuwa kama 100. Jumla 450, kizidishi karibu 1.3.

Sasa mwingine achukue uwiano wa taifa kama ulivyo na kudhani kila kitu kimezalishwa ndani. Hakuna kinachovuja, kwa hiyo manunuzi yote ya 570 hatimaye yanageuka kuwa kipato cha mtu fulani mkoani. Jumla 920, kizidishi 2.6. Mkoa ni uleule na mwaka ni uleule. Tofauti ya milioni 470 imetoka kwenye dhana moja, na sehemu yake kubwa ni karatasi.

Mfano huu unakupa jaribio unaloweza kulifanya mwenyewe kwenye ripoti yoyote. Kwa kizidishi cha aina ya kwanza, jumla ya ongezeko la thamani haiwezi kuzidi mauzo yaliyotoka nje ya sekta, kwa sababu kila senti ya mauzo hayo imeishia ama kuwa kipato cha ndani ama kulipia kilichotoka nje. Kwetu dari ni 920. Ripoti inayotangaza zaidi ya hapo bila kusema imeongeza matumizi ya mishahara ina kosa. Inayokaribia dari katika mkoa usiotengeneza karatasi, mafuta wala mashine nayo ina maswali ya kujibu.

Njia za kulipunguza jedwali la taifa liwe la mkoa zipo. Iliyozoeleka zaidi hutumia ule uwiano wa mkusanyiko: sekta inayouza isiyofikia 1 inadhaniwa haiwezi kutosheleza mkoa. Mwaka 1995 mtafiti Flegg na wenzake wawili walipendekeza fomula inayozingatia pia ukubwa wa mkoa, kwani mkoa mdogo huagiza zaidi kutoka nje. Ni bora kuliko kutofanya lolote. Lakini kwa sekta moja kama hii, dodoso fupi kwa matbaa 20 kubwa likiuliza karatasi, wino, vipuri na usafirishaji vinanunuliwa wapi litakupa ukweli ambao hakuna fomula itakayoukisia.

Kuhusu aina ya pili, msimamo wangu ni mkali kidogo: isiwe namba ya kwanza kwenye ripoti. Inadhani mshahara wa mchapaji usingekuwepo kabisa kama matbaa isingekuwepo, yaani asingepata kazi nyingine wala asingetumia akiba. Iweke kwenye ukurasa wa ndani, kwa jina lake.

Na kuna hoja ambayo wenye matbaa huipenda: bila lebo bidhaa haitoki kiwandani, bila fomu hospitali haiandiki mgonjwa, kwa hiyo uzalishaji wote huo ni mchango wa uchapaji. Modeli ya kuangalia mbele namna hiyo, kutoka kwa muuzaji kwenda kwa wanaomtegemea, ipo; mwanauchumi Ghosh aliipendekeza mwaka 1958, na wanauchumi wameibishania tangu hapo. Kwa kazi ya kupima mchango, iache. Umeme ukidai kila kinachotegemea umeme, barabara zikadai kila kilichosafirishwa, na uchapaji ukadai kila chenye lebo, jumla ya michango itakuwa mara kadhaa ya uchumi wenyewe.

"Je, matbaa zikifungwa?"

Vipimo vyote vya juu vinaeleza kilichopo. Swali la nini kingetokea sekta ikitoweka ni lingine. Njia ya haraka ni kuifuta sekta kwenye jedwali na kukokotoa upya. Tofauti ya kabla na baada ndiyo jibu. Kwa mfano wetu hasara itakuwa ileile ya karibu 450, nayo ni kikomo cha juu, kwa sababu wateja wangeagiza kutoka mkoa jirani na viwanda vyao vingeendelea, na mafundi wengi wangepata shughuli nyingine kwa muda.

Modeli za msawazo wa jumla, yaani zinazokokotoa masoko yote ya uchumi kwa pamoja, ambazo mwanauchumi Leif Johansen alizianzisha nchini Norwei mwaka 1960, huruhusu bei na wafanyakazi kuhama, kwa hiyo zinakaribia zaidi uhalisia wa swali hili. Kwa uchapaji wa mkoa mmoja ni ghali mno. Zinahitaji data nyingi, na mara nyingi uchapaji unamezwa ndani ya kundi moja na karatasi, hivyo unaishia kusoma tabia ya viwanda vya karatasi. Kama hakuna bajeti ya miaka, usizianze.

Basi uchague ipi

Ikiwa swali ni "sekta hii ni kubwa kiasi gani hapa", tumia ongezeko la thamani kwa mpaka mwembamba, ajira ikiwa pembeni. Hilo linatosha kwa ripoti nyingi, na ningependa watu waishie hapo mara nyingi zaidi.

Ikiwa ni "je, mkoa huu una uwezo wa pekee katika uchapaji", anza na uwiano wa mkusanyiko, kisha uwaulize wenye matbaa asilimia ngapi ya mauzo yao imekwenda nje ya mkoa. Jibu la swali hilo moja lina thamani kuliko uwiano wenyewe.

Ikiwa unajadili ruzuku, kodi au eneo la viwanda, vizidishi vinahitajika, kwa kuwa anayetoa fedha atataka kujua zinasambaa vipi. Tumia aina ya kwanza, manunuzi ya ndani yakiwa yamepimwa, na uandike waziwazi karatasi umeihesabu vipi. Kumbuka pia kwamba matbaa mpya inayowanyang'anya wateja majirani zake wa mkoa huohuo haijaongeza kitu, kizidishi kiwe kikubwa namna gani. Kinachohesabika ni kazi iliyokuwa ikichapwa nje ikarudi, au wateja wapya wa nje.

Mkoa ukiwa na matbaa kubwa moja au mbili tu, ofisi ya takwimu itaficha namba zake kulinda siri za biashara, na takwimu rasmi hazitakufikisha popote. Hapo dodoso halikwepeki. Liwe fupi: mauzo, na ndani yake kiasi kilichouzwa nje ya mkoa, karatasi iliyotumika, si iliyonunuliwa, kazi walizopewa na walizowapa wachapaji wenzao, mishahara na saa, mahali walikonunua vitu vinne vikubwa. Na usisahau kuuliza ni kazi ngapi wateja walileta karatasi yao wenyewe. Hilo uliza kwa maneno hayohayo kila mwaka, maana matbaa zikibadilisha utaratibu huo katikati, mfululizo wako wa mauzo hautasomeka tena.